Cotopaxi siku kwa siku: mita 2 zaidi ya Kilimanjaro

Uhuru ni mita 5,895. Cotopaxi, kule Ecuador, ni mita 5,897. Aliyewahi kusimama Uhuru akiziona tarakimu hizi hujiambia kwamba mlima ameshaumaliza, kilichobaki ni nauli tu. Wengi wanaokwama njiani Cotopaxi ni watu wa hesabu hiyo.

Tofauti ni mbili. Ya kwanza: Kilimanjaro unakuzoesha hewa yake utake usitake, maana unatembea siku tano hadi nane, kituo hadi kituo, kabla ya usiku wa kilele. Cotopaxi ina barabara. Gari linakutoa Quito asubuhi na kukushusha kwenye mita 4,600 mchana uleule, karibu sawa na kibanda cha Kibo, huku damu yako ikiwa bado ya bondeni. Ya pili: njia za kawaida za Kibo ni vumbi, changarawe na mawe. Cotopaxi, kuanzia kama mita 5,000, ni barafu yenye nyufa, na kila hatua huko ni ya kamba na vyuma vya miguuni.

Kwa hiyo ratiba hii ni ya siku nane, na mlima wenyewe unachukua mbili tu. Nyingine karibu zote ni za kuutengeneza mwili.

Siku ya 1. Quito, mita 2,850

Uwanja wa ndege uko Tababela, kwenye mita 2,400 hivi, na mji uko juu zaidi. Leo usifanye mazoezi. Tembea mji wa zamani taratibu, kula chakula chepesi, kunywa maji lita tatu. Mkojo ukifanana na chai ya rangi, hujanywa vya kutosha.

Kazi za leo ni za mezani. Pesa ni dola ya Marekani tangu mwaka 2000. Beba noti za 5, 10 na 20, kwa sababu madukani noti ya 100 inakataliwa waziwazi. Mwongozaji wa barafu ni lazima, tena mwenye cheti, na mwongozaji mmoja hachukui wapandaji zaidi ya wawili. Sababu ni ya kimwili: mmoja akitumbukia kwenye ufa, waliobaki kwenye kamba ndio wanaomshikilia. Anayekuambia atawachukua wanne peke yake anakuuzia hatari.

Kabla ya kulipa chochote, soma taarifa za Instituto Geofísico, taasisi ya Quito inayousikiliza mlima huu usiku na mchana kwa vipima tetemeko na vipima gesi. Cotopaxi ni volkeno hai. Ulilipuka tarehe 14 Agosti 2015 na njia ya kilele ikafungwa hadi Oktoba 2017. Mwishoni mwa 2022 ulianza tena kutoa majivu na kilele kikafungwa upya. Sharti la kurudishiwa pesa mlima ukifungwa liandikwe kwenye mkataba, lisibaki la mdomo.

Neno moja kuhusu saa. Mwongozaji akisema kwa Kihispania mnaamka saa kumi na moja usiku, anahesabu kuanzia usiku wa manane. Ni saa tano usiku yetu. Humu saa zote ni za Kiswahili, na zinakaa vizuri, kwa sababu Ecuador iko kwenye ikweta kama sisi na jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima.

Siku ya 2. Rucu Pichincha, mita 4,696

TelefériQo, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vinakupandisha kutoka mita 3,100 hivi hadi zaidi ya 3,900 kwa robo saa au zaidi kidogo. Kutoka hapo ni mguu: saa tatu kwenda juu kwa mwendo wa pole pole, njia ya nyasi kwanza, kisha mchanga wa volkeno unaorudisha nyuma nusu ya kila hatua, mwisho mawe ya kushika kwa mikono. Usiende peke yako, na simu isiwe mkononi.

Hatari ya hapa ni radi. Asubuhi huwa nyeupe, mchana mawingu hupanda kutoka bondeni. Saa sita mchana uwe umeshageuka, hata kama kilele kiko mita 100 mbele yako. Nywele zikianza kusimama au fimbo ya chuma ikilia kama nyuki, shuka kwenye ukingo mara hiyohiyo. Lala Quito.

Siku ya 3. El Chaupi hadi kibanda cha Nuevos Horizontes

Barabara kuu ya Panamericana inaelekea kusini katikati ya safu mbili za volkeno. Unapita Machachi, unaingia kijiji cha El Chaupi, na hapo unakodi pikapu hadi La Virgen, kwenye mita 3,900 hivi. Kibanda, kilicho kwenye milima pacha ya Iliniza, kiko kama mita 4,700, mwendo wa saa tatu. Ni kidogo, kina baridi, vitanda ni vya mbao. Begi lako la kulalia liwe la kuhimili chini ya sifuri.

Huu ndio usiku wa mtihani. Kichwa kitauma kidogo, usingizi utakatika katika, pumzi itasimama sekunde chache kisha irudi kwa kishindo. Hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni haya: kichwa kisichosikia dawa ya maumivu, kutapika mfululizo, kikohozi chenye povu, na kuyumba. Mwambie mtu atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, hatua kumi. Akishindwa, anashushwa usiku huohuo, hasubiri asubuhi. Wanaotumia Diamox, dawa ya kinga ya ugonjwa wa mwinuko, dozi ya kawaida ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, baada ya kuongea na daktari. Vidole vitawasha na utaenda msalani sana. Hiyo ni dawa, si ugonjwa.

Siku ya 4. Iliniza Norte, mita 5,126

Kuanza saa kumi na moja alfajiri, helmeti kichwani. Mlima wote ni mawe yaliyooza, na anayekuumiza hapa ni mpandaji aliye juu yako. Kwenye makorongo msipande mmoja chini ya mwenzake. Mmoja avuke, mwingine angoje pembeni. Saa mbili hadi tatu juu, kisha kushuka moja kwa moja hadi chini ya mita 3,500 kulala. Pacha wake, Iliniza Sur, una barafu na ni mgumu kuliko Cotopaxi. Uutazame tu.

Siku ya 5. Uwandani, chini ya mlima

Siku ya kupumzika, na ndiyo nzuri kuliko zote. Hifadhi ya Taifa ya Cotopaxi ilianzishwa 1975 na ina hekta zaidi ya 33,000. Fika lango la Caspi asubuhi. Alasiri hawaingizi mtu. Baada ya lango unapita misonobari ya kupandwa, mti wa kigeni usio na ndege wengi, kisha ghafla miti inaisha na páramo inaanza.

Páramo ni uwanda wa nyasi wa juu, kati ya mwisho wa msitu na mwanzo wa barafu. Anayejua Shira au Horombo kule Kilimanjaro ataona kitu cha ukoo mmoja: nyasi za vishungi, ukungu wa ghafla, baridi ya usiku na jua kali la mchana. Miti mikubwa ya seneshio ya Kilimanjaro hapa haipo. Udongo ni mweusi, umejengwa na majivu ya volkeno, na unashika maji kama sifongo. Ukishindilia guu maji yanachuruzika pembeni mwa kiatu. Maji ya mto Pita, unaoanzia hapa, yanaishia kwenye mabomba ya Quito, ndiyo maana kutoka nje ya njia na gari ni kosa na si utani.

Ziwa Limpiopungo liko kwenye mita 3,800 na ushee. Kulizunguka ni saa moja, tambarare. Bata wa Andes, shakwe wa Andes na vitwitwi wako kando ya maji. Kwenye nyasi fupi anatembea curiquingue, ndege wa jamii ya kozi, mweusi kwa mweupe na uso wa rangi ya chungwa. Anapekua vinyesi vya farasi kama kuku jalalani. Farasi wenyewe hawana mwenyewe. Mbweha wa Andes husogelea magari kwa sababu watu wamemzoesha mikate, usimpe. Tai kondo, ambaye mabawa yake hufika mita 3, huonekana zaidi upande wa Rumiñahui, volkeno ya zamani yenye mita 4,721, hewa inapopata joto.

Simama kwenye kichaka cha chuquiragua. Ni kichaka cha kimo cha kiuno, majani yake madogo magumu yanachoma kama sindano, maua ni ya rangi ya chungwa. Ngoja dakika kumi bila kusogea. Atakuja mvumaji wa Chimborazo, kindege mnyonya maua, dume lina kichwa cha zambarau iliyokolea. Afrika hatuna wavumaji. Anayefanana naye kwa kazi ni chozi wa kwenye lobelia za Kilimanjaro. Angalia miguu yake: wavumaji wengine hunyonya wakielea, huyu anakishika kitawi na kutulia. Hewa ni nyepesi na kuelea kunamla nguvu nyingi. Usiku anashusha joto la mwili hadi akawa kama aliyekufa, na asubuhi jua linamwamsha.

Na yale mawe makubwa kama vibanda yaliyotapakaa uwandani, peke yake peke yake? Hayakuviringika tu kutoka mlimani. Yaliletwa na tope. Hilo linarudi siku ya 8.

Siku ya 6. Kibanda cha José Rivas, mita 4,864

Gari linasimama kwenye mita 4,600. Kibanda unakiona pale juu, unadhani ni dakika kumi tu. Ni dakika 45 hadi saa nzima, kwenye changarawe nyekundu inayoteleza, na mzigo wa kilo 12 hadi 15 mgongoni. Hapa hakuna desturi ya wapagazi kama wa Kilimanjaro. Kila mtu na mzigo wake. Kwa hiyo usibebe kilo moja ya ziada.

Vifaa vikaguliwe mchana, kukiwa na mwanga. Viatu vigumu vya tabaka mbili. Kramponi, vile vyuma vya miguuni, za meno 12: kumi ya chini na mawili ya mbele. Zifunge, inua mguu, utikise kwa nguvu. Zikicheza hata kidogo, fupisha. Chini ziwe na kibao cha plastiki, maana bila hicho theluji laini inagandamana kuwa donge na meno hayagusi barafu tena. Gaita, vitambaa vya kufunga kuanzia kiatu hadi chini ya goti, zifunike suruali, kwa sababu anguko la kawaida zaidi la mgeni ni jino la kramponi kunasa suruali ya mguu wa pili. Shoka la barafu, mshipi wa kamba, helmeti, tochi ya kichwani na betri mpya, glavu jozi mbili, miwani ya giza ya daraja la 4.

Kisha panda hadi ukingo wa barafuto, huo mto wa barafu unaoteremka kilele, mfanye mazoezi saa mbili. Mambo ni matatu tu. Kwanza hatua: nyayo yote ibandike, meno yote kumi, hata mteremko ukiwa mkali, anayetembea kwa ukingo wa kiatu kama kwenye udongo anateleza. Pili shoka: linakaa mkono wa upande wa mlima, na linabadilishwa mkono kila njia inapokata kona. Tatu kujizuia: ukianguka, jigeuze kifudifudi, ncha ya shoka chini ya bega, uzito wote juu yake, magoti chini na kramponi ziwe hewani, kwa sababu zikinasa zinakupindua.

Chakula ni saa kumi na moja jioni. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 84 hivi, kwa hiyo maharage hayaivi. Ni supu ya viazi na jibini, mkate, chai. Wenyeji hubeba máchica, unga wa shayiri iliyokaangwa, unaokorogwa na maji ya moto na sukari. Ni uji kwa kila hali isipokuwa jina, na tumbo linaupokea pale ambapo nyama inakataliwa. Jaza chupa mbili za lita moja kwa maji ya moto na uzipakie zikiwa zimepinduliwa, kwa sababu barafu huanzia juu: asubuhi mdomo utakuwa wazi. Mrija wa kunyonyea uache Quito, utaganda saa ya kwanza.

Usilale nje ya kibanda wala kukaa kwenye kuta zake za upande wa juu. Wakati wa Pasaka ya 1996 theluji iliporomoka ikafukia watu waliokuwa hapa mchana wanapumzika.

Siku ya 7. Kilele

Kuamka saa tano usiku, kuondoka saa sita. Si kwa ajili ya kuona jua likichomoza, ingawa utaliona. Ni kwa sababu ya theluji: usiku imeganda na madaraja yanayofunika nyufa yanabeba mtu, saa tatu asubuhi jua la ikweta limeshayalainisha.

Saa ya kwanza ni changarawe hadi kwenye barafu. Hapo kamba inafungwa, mita 8 hadi 10 kati ya mtu na mtu. Kamba iguse theluji kidogo tu. Ikilegea ikawa rundo miguuni pako, mwenzako akitumbukia ataanguka urefu wote wa ulegevu huo kabla hujamhisi, na wewe utavutwa kwa kishindo. Usiikanyage kamwe na kramponi. Kwenye kona, ivuke kwa mguu wa juu.

Mwinuko ni kama mita 1,000 kwa saa sita hadi saba. Mwendo sahihi ni ule ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukata. Mteremko mwingi ni nyuzi 30 hadi 40, vipande vingine zaidi. Njia hubadilika kila msimu, maana nyufa hufunguka na kufunga, kwa hiyo ramani ya mwaka jana haina kazi. Kitu kisichohama ni Yanasacha, ukuta mkubwa wa mwamba mweusi chini ya kilele. Ukiuona juu yako gizani, bado una saa mbili au zaidi.

Kati ya saa tisa na saa kumi na moja ndipo watu wanaporudi. Joto liko kati ya −5 na −15, upepo mkali zaidi Juni hadi Agosti, na kitu chochote kinachotolewa mfukoni kinachukua dakika tano. Kula kila baada ya saa moja kitu kidogo kisichoganda. Chokoleti ngumu inakuwa jiwe. Saa moja asubuhi ndiyo mwisho wa kupanda, popote ulipo. Hili wanalipinga wengi kwa maneno, na mwongozaji mzuri hawasikilizi.

Juu kuna kasoko, shimo la upana wa mita 800 hivi kwa kipande kirefu, na harufu ya kiberiti. Hewa ni karibu nusu ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Asubuhi safi Chimborazo inaonekana kusini-magharibi, na Antisana na Cayambe kaskazini. Wilhelm Reiss na Ángel Escobar ndio waliotangulia kufika hapa, Novemba 1872. Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kibo 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuja Ecuador 1903 na mchoraji Rudolf Reschreiter kuchunguza barafu za Andes ya ikweta. Barafu alizozijua pande zote mbili zinaisha. Cotopaxi ilipoteza kama theluthi moja ya barafuto zake kati ya 1976 na 1997, na majivu ya 2015 yaliongeza kasi: theluji nyeusi inanyonya jua badala ya kulirudisha.

Dakika 20 zinatosha. Ukizidisha, gesi na baridi vinakulipisha wakati wa kushuka, na kushuka ndiko kwenye ajali nyingi. Magoti yakunjwe, nyayo yote ibandike, mgeni atangulie na mwongozaji awe wa mwisho juu. Saa nne asubuhi uwe kibandani.

Siku ya 8. Latacunga

Cotopaxi ni volkeno rusu: zaha (lava), majivu, zaha tena, rusu juu ya rusu hadi umbo la pia iliyochongoka. Watu wa bondeni hawaogopi sana zaha. Wanaogopa barafu. Mawingu ya majivu ya moto yakishuka juu ya barafuto, yanaiyeyusha kwa dakika, na maji hayo yanazoa majivu, mchanga na mawe na kuwa tope zito kama zege bichi. Linaitwa lahari.

Tarehe 26 Juni 1877 mlima ulifurika kama chungu kilichoachwa motoni. Lahari zilishika mito mitatu kwa pamoja: Pita kaskazini, Cutuchi kusini, na mito ya mashariki inayokwenda Napo na Amazoni. Ile ya Cutuchi ilifika Latacunga kwa muda wa kama saa moja. Ile ya Pita ilipitia Guayllabamba hadi baharini Esmeraldas, kwenye Pasifiki. Mlipuko mmoja, bahari mbili: Pasifiki upande huu, na upande wa pili Amazoni, mto wa Atlantiki.

Tembea kando ya Cutuchi, uangalie kingo: tabaka la mawe ya mviringo na tabaka la matope magumu, juu kwa chini. Nyumba zimejengwa juu yake. Mjini kuna vibao vya njia za kukimbilia. King'ora kikilia, mtu hakimbii kufuata barabara ya mto wala hapandi gari kuungana na foleni. Anakwenda kwa miguu, akikata moja kwa moja kutoka mtoni kuelekea mlima wa pembeni, na havuki daraja.

Chakula cha mji ni chugchucaras. Ni nguruwe wa kukaanga, asiyekula ajue mapema. Jibini la kufungwa kwenye jani na allullas, mikate midogo ya mviringo, ni za wote.

Basi la kurudi Quito huchukua kama saa mbili. Panda la asubuhi, ukae upande wa kulia.